Breki ya Mbele

Kuendesha pikipiki Fundi alijua. Kusimama ndiko hakujua, na hakujua kwamba hajui mpaka Mama Vifaranga alipokuja nyumbani kumpa pole mumewe.

Mume alikuwa kwenye kochi la sebuleni, mguu wa kulia umefungwa plasta hadi chini ya goti na kuegeshwa juu ya mito. Watu wote wanamwita Trei, hata mama yake siku za furaha, kwa sababu kazi yake ni kubeba trei za mayai kwa pikipiki kutoka banda la kuku la Mama Vifaranga kwenda madukani na hotelini. Wiki hiyo alikuwa ameanguka na mzigo mzima kwenye mteremko wa kiwanda cha mbao. Mguu ulivunjika. Mayai tusiyataje, maana lami yote iligeuka kikaango. Kila aliyefika kutoa pole alihadithiwa jambo lile lile: ng'ombe alikatiza barabara ghafla, na Trei, kwa huruma yake kwa kiumbe wa Mungu, akamkwepa.

Mama Vifaranga naye alihadithiwa ya ng'ombe. Alisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai aliyopewa, akauliza kama maumivu yanamruhusu kulala. Ni mwanamke mpole sana, ila upole wake haujawahi kumzuia kusema lililomleta. Alisema kuku hawana habari kwamba Trei ameumia, wao wanataga tu, kwa hiyo kufika Jumamosi lazima njia yake ipate mtu. Mrefu, mbebaji mwenzake, ameshaiomba.

Hapo cherehani iliyokuwa ikinguruma karibu na dirisha ikanyamaza. Mke wa Trei, ambaye jina la Fundi alilipata kwa kushona na si kwa kitu kingine, alisema bila kugeuka kwamba pikipiki ipo, imepinda kidogo tu. Leseni anayo tangu zamani. Na wateja wa njia ile anawajua kwa sura na kwa midomo yao. Akaomba apewe yeye. Hakuomba kwa kujishaua. Cherehani ile huilisha nyumba msimu wa sare za shule, miezi mingine hujilisha yenyewe uzi na sindano, na nyumba nzima ilikuwa ikila kwa njia ya mayai. Njia ikienda kwa Mrefu hairudi. Kila aliyekuwa sebuleni alilijua hilo, na Mrefu, popote alipokuwa, alilijua kuliko wote.

"Kuendesha nimekuona unaendesha," Mama Vifaranga alisema. "Nataka nikuone unasimama. Jumamosi asubuhi uje bandani, upakiwe trei zilizojaa, uje mbio kama unavyokwenda barabarani. Nikiinua mkono, usimame kabla ya mstari nitakaouchora. Usianguke, na mayai yasivunjike. Ukiweza, njia ni yenu. Usipoweza nampa Mrefu, na tusichukiane. Sitaki kuja kutoa pole nyumba hii mara ya pili."

Akashukuru kwa chai, akaondoka.

Trei alianza kufundisha jioni ile ile, amekaa kwenye kiti mlangoni kama kocha wa timu inayoshuka daraja. Somo lake lilikuwa moja: mguu. Breki ni ya mguu. Mkono wa kulia ni wa kuongeza mafuta, basi, na ile breki ya mbele iliyoko hapo mkononi imewekwa na kiwanda kwa ajili ya urembo. Mbebaji wa mayai akiigusa amekwisha. Fundi akapanda, akaenda hadi mwisho wa mtaa, akageuza, akaja mbio, akakanyaga. Gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka lakini halikugoma kwenda. Likateleza kwenye vumbi, mkia wa pikipiki ukaja pembeni kutaka kujua mbele kuna nini, na Fundi akajikuta ameketi kwenye beseni la jirani, juu ya nguo zilizokwisha kamuliwa.

Mtaa ulicheka. Jirani alizisuuza upya nguo zake huku akitoa maoni kwa sauti kuhusu wanawake wanaoacha cherehani zao. Fundi akarudia, gurudumu likateleza tena. Akarudia, vivyo hivyo. Trei alisema si mbaya kwa anayeanza, ingawa uso wake ulikuwa umeingia wasiwasi. Mama yake, aliyekuwa akichambua mboga barazani, alingoja kicheko kiishe kwanza.

"Mwanangu alianguka na ng'ombe," alisema. "Wewe mkwe wangu, umeanguka na nini?"

Neno hilo lilimuuma Fundi kuliko kiuno. Lakini asubuhi yake mama mkwe huyo huyo alimfuata bombani, akamwambia taratibu kwamba kule uwanja wa mpira wa zamani kuna bwana mmoja anafundisha madereva wa pikipiki za hospitali, na kama kuanguka ni lazima, basi heri akaangukie kwa mwalimu. Mdomo na moyo wa mama huyo havijawahi kusikilizana, na wanaoishi naye wamejifunza kuusubiri moyo.

Mwalimu huyo aliitwa Taratibu, kwa sababu neno hilo ndilo alilolipigia kelele siku nzima. Alikuwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alimpigia kelele Fundi kwa sababu ya viatu vyake, akampigia kelele kwa sababu ya kofia ngumu iliyolegea kidevuni, halafu kabla hajamruhusu kupanda akashika mkono wa breki ya mbele na kuuminya. Ukaenda wote mpaka ukagusa usukani, laini, bila kushika chochote.

Taratibu akanyamaza. Waliokuwa wakijifunza upande wa pili waligeuka kuona kimetokea nini.

"Mumeo anabeba mayai," alisema.

Fundi akauliza amejuaje. Akajibiwa kwamba wabeba mayai wote ni hivyo hivyo: waya wa breki ya mbele wanaulegeza kwa spana, makusudi mazima, kwa sababu wanaamini ukiishika hiyo breki trei zitakuja mgongoni. Kisha akachora mavumbini kwa kidole cha kiatu. Pikipiki ikisimama, uzito wote unakwenda mbele. Gurudumu la mbele linakandamizwa ardhini, linapata nguvu. La nyuma linabaki jepesi. Sasa wewe unamwacha mwenye nguvu, unamkanyaga mnyonge peke yake. Mnyonge atafanya nini? Atajifunga, atateleza, atakuangusha. Mteremkoni, na mzigo, atakuangusha vibaya zaidi.

Fundi aliuangalia ule mchoro. Akaona mteremko wa kiwanda cha mbao, akaona mumewe akikanyaga, akaona kila kitu isipokuwa ng'ombe. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Wiki nzima amekuwa akimfuta jasho mtu huyu, na jana mtu huyo huyo amemwacha yeye aangukie beseni la watu.

Taratibu alitoa spana, lakini Fundi akamzuia. Pikipiki ni ya mume, alisema, nitaongea naye kwanza. Taratibu akamwambia kwa kelele kwamba breki ile isipokazwa asirudi tena uwanjani kwake, kwa kuwa yeye anafundisha kusimama, hafundishi kuzika.

Nyumbani Fundi hakupiga kelele. Alivua kofia, akaketi kwenye stuli karibu na mguu wenye plasta, akauliza.

"Baba watoto, ng'ombe alikuwa wapi?"

"Barabarani. Si nilishasema?"

"Barabarani wapi?"

Trei akatazama dari. Dari haikumsaidia.

"Alikuwepo," alisema hatimaye. "Wallahi alikuwepo. Alikuwa pembeni, anakula majani yake."

Fundi alikuwa amejiandaa kugomba, lakini lile jibu lilimchekesha, na akishacheka hawezi tena kugomba. Trei naye akacheka kwa aibu, mguu ukamuuma, akaacha. Ndipo akasema yote. Lori lilisimama mbele yake, yeye akakanyaga, pikipiki ikaenda ubavu. Breki ya mbele ililegezwa siku yake ya kwanza kazini. Ndiyo karibu yao wabebaji: mgeni akifika, mkongwe mmoja anampa mkono, anatoa spana na kumlegezea, wenzake wanapiga makofi, na kuanzia hapo wewe ni mmoja wao. Yeye alilegezewa na Mrefu. Mara moja tu, miezi ya mwanzo, aliikaza tena kwa siri. Akaishika mjini mbele ya hoteli, trei zikamjia mgongoni, kiini cha yai kikamtelemka hadi ndani ya suruali. Walimcheka mpaka akatamani kuacha kazi, naye akailegeza tena mwenyewe.

"Usiikaze, mke wangu," alisema. "Nakuomba. Watakucheka, tena wewe mwanamke, watakucheka mara mbili."

"Wamenicheka jana nikiwa kwenye beseni," Fundi akamjibu. "Nimeshazoea. Kuvunjika ndiko sijazoea."

Chakula cha jioni Trei alikula kidogo na akageukia ukutani, na Fundi alilala akidhani safari ndiyo imeishia hapo, maana kumkazia mtu breki yake bila ridhaa ni kumvua nguo mbele za watu. Kulipokucha alikuta kochi tupu. Akatoka mbio. Mume alikuwa ameketi chini barazani, plasta ameinyoosha mbele kama gogo, spana mkononi, anakaza waya. Mama yake alikuwa amemshikia pikipiki isiangukie upande, naye hakuwa na la kusema, jambo ambalo pale nyumbani ni nadra.

"Minya ujaribu," Trei alisema bila kuinua macho.

Fundi akaminya. Ikashika.

Siku zilizofuata alishona asubuhi, alasiri akaenda uwanjani. Taratibu alimfundisha kwanza mkono: minya, usinyakue. Anayenyakua breki ya mbele ndiye anayepinduka, na huyo ndiye aliyeiharibia jina. Fundi aliona ni kama kanyagio la cherehani, ambalo ukilidunda uzi unakatika, ukilibonyeza kwa mpangilio nguo inakwenda. Aachie mafuta, magoti yabane tangi, mkono uminye na kuongeza, mguu usaidie kidogo tu. Mara ya kwanza alisimama mbali, mara nyingine akasimama karibu zaidi, na alipoona pikipiki imetulia palepale alipotaka, wima, bila vumbi wala kelele, alifurahi waziwazi kama mtoto na kuomba arudie.

Kuteleza kulikuwa somo gumu zaidi. Taratibu alimwaga maji sehemu moja ya uwanja, akamwamuru alifunge gurudumu la nyuma kusudi. Likiteleza asitazame chini. Atazame mbali anakotaka kwenda, usukani uelekee mbele, aulegeze mguu polepole mpaka gurudumu lianze kuzunguka tena. Mwili mzima wa Fundi ulikataa. Kila mkia ulipochepuka macho yalikwenda kwenye tope, na yeye akayafuata. Alirudi nyumbani ana tope mpaka kwenye nyusi, mama mkwe akamwuliza kama siku hizi wanafundishwa kulima. Kisha alasiri moja mkia ulichepuka, macho yakabaki kwenye goli la mbali, na pikipiki ikajinyoosha yenyewe chini yake. Akapiga ukelele. Taratibu akampigia kelele za kumkataza kupiga kelele.

Mzigo ndio ulioleta balaa jipya. Walipofunga trei tupu zilizotiwa mchanga, na Fundi akasimama vizuri kabisa, rundo lote lilikuja mbele likamgonga mgongo. Kumbe kwa hilo wabebaji hawakuwa wajinga. Taratibu alikuna kichwa. Mayai si fani yake. Fundi akarudi nyumbani amenuna, akamweleza mumewe, na Trei akainuka kwenye mito kwa hamu ambayo hakuwa nayo tangu aumie. Huko ndiko alikokujua yeye. Alimwambia rundo halianzi kusogea chini, linaanzia katikati, pale trei zinapokosa kushikana; kamba wanazotumia wabebaji hubana juu na chini tu, tumbo linabaki wazi. Fundi akachukua turubai gumu la hema lililochanika, akalikata, akalishona kama koti lisilo na mikono la kuvalisha rundo zima, lenye mikanda ya kurudi nyuma ya keria. Trei alielekeza, hapa bana, hapo legeza yasije yakapasuka kwa kubanwa. Vifungo vya chuma vikakosekana. Mama mkwe akaingia chumbani kwake, akatoka na mikanda ya sanduku lake la safari, akaitupa mezani na kusema hata hivyo haendi popote.

Jumamosi wabebaji wote walichelewa kuondoka makusudi. Walipanga pikipiki zao kwenye ukuta wa banda, wakajipanga na wenyewe. Mrefu aliliona lile koti la turubai, akauliza kama mayai siku hizi yanasikia baridi, na wenzake wakamuunga mkono kwa kicheko. Trei alikuwa amefika na mama yake kwa gari la jirani. Alisimama na magongo yake kando ya uwanja wa banda, na mama yake alimwona akiunyoosha mkono wa kulia na kuuminya hewani.

Mama Vifaranga alichora mstari kwa chokaa, akasimama mbele ya mstari huo mwenyewe. Wasaidizi walimsihi amsimamishe mtu mwingine. Alikataa, alisema kama haamini kwamba yule mwanamke atasimama, basi hana sababu ya kumjaribu.

Fundi akaja. Alikuja mbio kweli, gea ya juu, koti la turubai limekaa nyuma yake bila kutikisika. Mama Vifaranga aliuacha mkono chini mpaka wabebaji wakaacha kucheka, ndipo akauinua, akiwa amechelewa kuliko kila mtu alivyotarajia. Fundi akaachia mafuta, akaminya. Pua ya pikipiki ikainama. Mguu nao, kwa uoga wa kumwona binadamu amesimama pale, ukakanyaga zaidi ya ulivyofundishwa, na gurudumu la nyuma likapanda juu ya maranda ya mbao yaliyomwagika kutoka bandani, likajifunga, mkia ukachepuka.

Mrefu alisema kwisha. Trei alifumba macho.

Fundi hakutazama chini. Alitazama kilemba cha Mama Vifaranga, cha buluu, akakishika kwa macho kama mtu anayetunga uzi, mkono ukaendelea kuminya, mguu ukalegea. Mkia ukarudi nyuma ya gurudumu la mbele. Pikipiki ikasimama. Kati ya gurudumu na mstari mtu angeweza kuweka kiti akakaa.

Walivua lile koti, wakafungua trei moja baada ya nyingine. Yai moja lilikuwa na ufa, na msaidizi aliapa kwamba ufa ule aliuona tangu kwenye kupakia. Mama Vifaranga alimshika Fundi bega, akamwambia amefanya vizuri, kisha akamgeukia Trei kumwuliza akipona atarudi lini kwenye njia yake.

Hapo kila mtu alingoja. Trei angeweza kutaja mwezi wowote na mambo yakaishia hapo. Alimtazama mkewe, akawatazama wenzake pale ukutani.

"Bosi, hakuna ng'ombe aliyeniangusha," alisema. "Nimeangushwa na mguu wangu. Breki ya mbele niliilegeza, na hawa wote wamelegeza. Kaminye uone."

Wabebaji walianza kutazama angani. Mama Vifaranga alikwenda ukutani, akashika mkono wa breki wa pikipiki ya kwanza, ukalala; wa pili, ukalala; akaenda hivyo mpaka mwisho wa ukuta, na wa Mrefu ulilala kuliko yote. Aliporudi, ule upole wake ulikuwepo bado, lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyeogopa. Aliuliza anawazika lini wote hawa, na watoto wao atawaambia nini. Akaagiza spana ziletwe. Hakuna trei itakayotoka na mtu ambaye hajakaza breki, na baada ya kukaza, hakuna itakayotoka mpaka mwenyewe asimame kwenye ule mstari wa chokaa.

Mrefu alijaribu kutetea, akasema mayai yatamjia mtu mgongoni. Fundi akamwambia koti atamshonea, si bure, na kwa urefu wake turubai litakuwa jingi. Wakacheka, na safari hii Mrefu ndiye aliyeinamisha kichwa, ingawa naye alitabasamu.

"Na njia?" Mama Vifaranga akarudi kwa Trei. "Hukunijibu."

"Njia ina mwenyewe, yule pale," Trei alisema. "Mimi nikipona nitakuja kuomba kazi kama mtu mwingine. Nitasimama mbele yako, na ukinikataa nitajua umenikataa kwa haki."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa kila kitu siku ile, kwa kuanguka, kwa kuchekwa, hata kwa kushinda. Kwa hili hakujiandaa. Alitaka kumwambia mumewe neno, badala yake akavaa kofia haraka na kujifanya anahangaika na ukanda wa kidevuni. Wasaidizi walikuwa wameshamfungia koti la mayai. Mjini maduka yalikuwa yamefunguliwa, hoteli zinangoja, na siku hiyo mtu wa kuwapelekea mayai alikuwa mmoja tu.

Akawasha. Wabebaji walikuwa wametawanyika njiani, wameinama na spana zao, hawaoni wala hawasikii.

"Pisheni," Trei aliwaambia. "Mbebaji anapita."

Na wa kwanza kusogea alikuwa yeye, na magongo yake.